Bado Tuko Njiani

Kwa mujibu wa ofisi yetu, mimi hufika kazini kabla ya Mama Mdogo. Jambo hili lina miujiza ndani yake, kwa sababu Mama Mdogo ndiye anayeniamsha.

Mara ya kwanza huniita kwa jina langu. Mara ya pili kwa jina la marehemu babu, ili nione aibu. Mara ya tatu hunivua shuka na kusema, "Chai iko kwenye chupa, ukiikuta imepoa umlaumu mto wako." Kisha nasikia komeo la mlango, na viatu vyake vya plastiki vikishuka ngazi. Mimi hubaki pale nikipanga jinsi nitakavyoamka. Nikifika kiwandani, yeye ameshalowa mpaka kwenye viwiko. Lakini muulize karani wa mishahara nani alitangulia, atakuambia ni mimi, tena kwa robo saa nzima.

Kiwanda chetu ni cha dobi. Usifikirie beseni na kamba ya kuanikia. Ni jumba refu la mabati linalofua mashuka ya hospitali na mahoteli, na limegawanyika sehemu mbili. Chumba cha maji ndiko kwa Mama Mdogo na wenzake: madramu ya chuma yenye vioo vya mviringo, ambayo ukiyafungua yanakupumulia mvuke usoni kama ng'ombe aliyeudhiwa. Chumba cha pasi ndiko kwetu sisi wastaarabu. Sisi hatuna cha kushika mpaka dramu la kwanza litoke. Kumbuka hilo, maana mbele ya safari litaniumbua.

Mlangoni kuna mashine ndogo ya kubonyeza kidole. Tumeiita Mkwe, kwa sababu kila mtu lazima amwinamie kabla ya kuingia, na hata uiname vipi, hakosi sababu ya kukukataa. Akikukubali analia ti! na kuonyesha dakika uliyofika. Akikukataa anasema, kwa sauti ya mwanamke aliyeshiba, "Jaribu tena."

Sasa, maji ya moto, sabuni na dawa ya kung'arisha vimekula vidole vya Mama Mdogo mpaka mistari yote imeondoka. Dole gumba lake ni laini kama mgongo wa kijiko. Hufika wa kwanza, mlinzi akiwa bado anapiga miayo. Anabonyeza. Jaribu tena. Anajifuta kwenye aproni, anabonyeza. Jaribu tena. Nyuma yake foleni inarefuka, naye anasogea pembeni.

"Piteni, wanangu, msije mkachelewa kwa ajili ya kidole cha mzee."

Na akishasogea, hasimami bure. Boila imepanda mvuke, madramu yako wazi, basi huingia kuyapakia kwanza, kisha hurudi kumbembeleza Mkwe mikono ikiwa imelowa kuliko mwanzo. Yaani ili ionekane amefika kazini, inabidi aache kazi.

Hapo ndipo kunyoa kunapoanza. Ubaoni kuna tangazo: *Muda utahesabiwa kwa robo saa iliyo karibu.* Maana yake, ukibonyeza saa moja na dakika sita, unasamehewa, unahesabiwa saa moja kamili. Ukibonyeza na dakika tisa, unasukumwa mbele mpaka saa moja na robo, na zile za katikati zinaanguka sakafuni kama nywele za kinyozi. Jioni ni vilevile: ukitoka saa kumi na moja na dakika sita, sita zimenyolewa, ukivumilia mpaka ya nane, unapewa robo.

Asubuhi moja nilifika dakika ya sita, saa yangu ya kawaida, nikamkuta Mama Mdogo ameinama mbele ya Mkwe, maji yakimdondoka.

"Pita, mwanangu," akasema.

Nikapita. Ti! Saa moja kamili. Akabonyeza yeye. Jaribu tena. Akapuliza kidole. Jaribu tena. Akapuliza tena. Ti! Dakika tisa. Saa moja na robo. Mimi nilikuwa na tongo machoni, yeye alikuwa ameshapakia dramu mbili, na ofisi ikaandika kwamba mtoto kamtangulia mama.

Nilicheka siku hiyo. Naitwa Mdomo kazini, na sikupewa jina hilo kwa uzuri wa midomo. Lakini jioni ile nilikuta Mama Mdogo anasugua sufuria ambayo ilikuwa safi tangu jana yake.

"Sufuria imekukosea nini?" nikauliza.

"Meneja kaniita. Saa zangu hazifiki kiwango cha wa kudumu. Mwezi ukiisha zikiwa hivi, narudi kibarua."

Nikaweka chini kikombe changu cha chai.

Kiwandani wa kudumu huvaa beji ya kijani. Kibarua hana beji. Kibarua husimama nje ya geti alfajiri, msimamizi anatoka, ananyoosha kidole: wewe, wewe na wewe. Asiyeonyeshwa anarudi nyumbani na chakula chake cha mchana kwenye mfuko. Mama Mdogo alisimama pale miaka mingi kabla ya beji. Siku ambazo hakuonyeshwa, alirudi na kile chakula, na mimi, mtoto niliyelelewa naye, nilikipokea mlangoni nikirukaruka. Mpaka nilipokua ndipo nikaelewa nilikuwa nashangilia nini.

"Kesho naenda kuongea naye," nikasema.

"Ukiongea wewe, mwisho wa mwezi tutakuwa wawili getini."

"Basi twende wote. Wewe utaongea, mimi nitapamba."

"Wewe utanyamaza," akasema, akaisuuza sufuria mara ya tatu.

* * *

Meneja si mtu mbaya, tusimsingizie. Ana tai ya bluu, ana elimu yake, na ana maneno mawili anayoyapenda kuliko tai: "kwa jumla". Ndiyo maana akigeuka tunamwita Bwana Kwa Jumla. Alitukaribisha vizuri. Akatuambia tukae. Kiti kilikuwa kimoja.

"Bosi," nikaanza, "mimi nimekuja kama msemaji wa kidole."

Mama Mdogo akanikanyaga. Viatu vya plastiki vinaonekana laini, lakini visigino vyake vina historia.

"Mama," Meneja akasema, "mimi nakuheshimu, na kazi yako naijua. Lakini saa hizi si mimi ninayezipunguza. Ni mfumo."

"Mfumo unaninyoa, mwanangu."

"Haunyoi, mama. Unasawazisha. Leo unachukua dakika, kesho unarudisha. Nimepiga hesabu mwenyewe, kiwanda kizima. Kinachopungua na kinachoongezeka vinakaribiana kabisa. Kwa jumla, hakuna anayeibiwa."

Hapo nikaona mlango umefunguka. Swali hili nilikuwa nimelinoa tangu usiku.

"Sawa, bosi. Kwake unachukua kila siku. Sasa unamrudishia nani?"

Meneja akanitazama, akageuza kioo cha kompyuta kikatuelekea.

"Wewe," akasema.

Nikainama kutazama. Nilikuwa pale mstari kwa mstari, dakika tano, dakika sita, dakika sita, dakika saba, na mbele ya kila mmoja saa moja kamili imekaa kama mfalme. Na jioni je? Sisi wa pasi tukimaliza huwa tunakaa juu ya meza tukipiga soga mpaka dakika ya nane, kisha tunabonyeza na kupewa robo nzima ya kupiga soga. Yote yalikuwa pale.

"Mtoto wako huyu mfumo unampenda sana," Meneja akasema. "Silalamiki. Ndiyo maana ya kusawazisha."

Mama Mdogo alinigeukia polepole.

"Kumbe dakika zangu hazijapotea. Ziko nyumbani kwangu. Zinalala mpaka jua litoke."

Mimi, Mdomo, nikarudisha miguu nyuma kabla visigino havijanifikia.

Akamgeukia Meneja. "Mwanangu, hesabu yako siipingi. Mimi nikipungukiwa na huyu akizidishiwa, ukituweka kwenye mzani mmoja, mzani unatulia. Lakini jumla hailali njaa. Anayelala njaa ni mtu mmoja mmoja. Ikifika mwisho wa mwezi, getini utaipeleka jumla au utanipeleka mimi?"

Meneja alishika tai yake kana kwamba jibu lilikuwa limefichwa humo.

"Sheria ni moja kwa wote, mama. Hata mimi nabonyeza kidole kama nyinyi."

"Sawa. Basi niambie tu, kwa hesabu ya ofisi, mimi huanza kazi saa ngapi?"

"Saa moja na robo."

"Na huacha?"

"Saa kumi na moja kamili."

"Una uhakika?"

"Ndivyo ilivyoandikwa."

"Haya. Ahsante, mwanangu." Akainuka, akarudisha kiti mahali pake, akatoka.

Nikamkimbilia kwenye korido. "Mama Mdogo! Ndiyo basi? Tumeshindwa?"

"Nani kashindwa? Nimeuliza saa zangu za kazi, nimeambiwa. Mfanyakazi mzuri hufuata saa zake za kazi."

Kisha akaanza kuimba. Mama Mdogo haimbi ovyo. Mara ya mwisho alipoimba, mwenye nyumba alituwekea dirisha jipya.

* * *

Kesho yake niliamka mara ya kwanza alipoita. Tulitembea pamoja gizagiza, na mlinzi aliponiona akashika kifua.

"Mdomo! Kuna msiba?"

"Hapana. Nimekuja kuangalia asubuhi inafananaje."

Mama Mdogo akabonyeza. Jaribu tena. Akabonyeza. Jaribu tena. Foleni ikaja, akasogea pembeni kama kawaida. Ila hakuingia kwenye madramu. Alichukua kapu la nguo, akalipindua karibu na Mkwe, akaketi, akakunja mikono juu ya aproni iliyo kavu kabisa. Sikuwahi kuiona aproni ile ikiwa kavu.

Kuna mwenzake wa chumba cha maji tunamwita Redio, kwa sababu hana kitufe cha kuzimia. Yeye naye kidole chake Mkwe hakitaki. Redio akamtazama Mama Mdogo, akatazama kapu, akapindua lake. Wengine wa maji wakafuata. Walipofika kwa Mkwe mara ya pili kila mmoja alipata dakika zake, tisa, kumi, na kila mmoja akarudi kukaa.

Fundi wa boila akatokea mbio, jasho likimtiririka.

"Dada! Mvuke umepanda mpaka basi, mbona madramu matupu?"

"Sijafika," Mama Mdogo akasema.

"Hujafika wapi?"

"Kazini."

Fundi akamtazama, akanitazama mimi kama mtu anayetafuta mkalimani. Ndipo Meneja akaingia, mkoba kwapani.

"Kuna nini hapa? Mbona mmekaa?"

"Hatujakaa, mwanangu," Mama Mdogo akamjibu kwa upole wote. "Tuko njiani. Ofisi imesema tunafika saa moja na robo. Hapa unaongea na watu ambao hawajafika."

"Mama, mimi nawaona hapa."

"Ni macho tu. Andiko linasema tuko njiani."

Redio akapokea. "Mimi hivi sasa ndio nafunga mlango wa nyumbani, bosi. Hata sijui nimeweka wapi ufunguo."

"Mimi natafuta kiatu cha pili," akasema mwingine.

"Mimi niko kwa jirani namdai kiberiti. Ananizungusha."

Fundi wa boila akaanza kucheka, akajizuia, akaenda kucheka nyuma ya boila, tukamsikia.

Mimi nilikuwa nimesimama kwenye mlango wa chumba cha pasi, pasi mkononi. Nikaona nisiwe mchoyo.

"Bosi, mimi nimefika. Niko kazini tangu saa moja kamili na unanilipa. Nipe basi shuka nipige pasi, naona haya kula mshahara wa bure."

"Mdomo, nyamaza."

"Nanyamaza, bosi. Hata kunyamaza huku unakulipia."

Saa ya ukutani ikagonga robo. Mama Mdogo akainuka, akarudisha kapu lake, akashusha mikono ya blauzi kisha akaipandisha tena, kama mtu anayeingia sasa hivi kutoka nje. Akamwendea Meneja.

"Habari za asubuhi, mwanangu? Umeamkaje? Nimefika."

Akamsalimia fundi, akamsalimia mlinzi, akanisalimia hata mimi niliyetoka naye nyumbani, akaingia kwenye madramu. Nyuma yake wote wakaingia wakiulizana habari za asubuhi, sauti juu, kama harusi.

Na hapo kazi ikafanyika, tena vizuri, bila hila. Lakini asubuhi ya dobi ni kama uji: ukikosa mwanzo, mabonge hayaondoki. Fundi alikuwa ameshaachia mvuke usije ukapasua kitu, ikabidi augoje upande upya. Dramu la kwanza likachelewa, la pili likalisubiri la kwanza, na dereva wa gari la hospitali, anayekuja saa ile ile kila siku akitafuna kijiti, akakuta rafu tupu.

"Mashuka yako wapi?"

"Na yenyewe yako njiani," nikamwambia.

Akapiga honi. Akapiga tena. Simu ya ofisini ikaanza kulia, tukaisikia kutoka chumba cha pasi, na sauti ya Meneja ikisema samahani kwa namna mbalimbali. Miaka yote gari lile liliondoka kwa wakati, na yeye aliamini linaondoka kwa sababu ya mipango yake. Kumbe lilikuwa linatembelea dakika alizokuwa anazinyoa.

* * *

Jioni, saa kumi na moja kamili, dramu la mwisho lilikuwa bado linazunguka. Kila dobi anajua: shuka likilala limelowa ndani ya dramu lililofungwa, asubuhi linanuka kama soksi ya mwanajeshi, na madoa ya kijivu hayatoki kwa kufua mara moja. Ndiyo maana Mama Mdogo hulingoja, hulitoa, huliweka kwenye toroli la kukaushia, na ndizo zile dakika zinazonyolewa jioni.

Siku hiyo alivua aproni, akaitundika. Akalitazama dramu jinsi mzazi anavyomtazama mtoto anayemwacha shuleni siku ya kwanza. Akajifuta vidole vizuri, akapuliza, na Mkwe, kwa maajabu yake, akamkubali. Ti!

"Mama, na hilo dramu?" Meneja alikuwa amesimama katikati ya chumba.

"Mimi nimeshaondoka, mwanangu. Saa kumi na moja, kama ilivyoandikwa. Huyu unayeongea naye ni mzee mmoja tu anayekwenda kwake."

"Na mimi nimeshavuka barabara," akasema Redio, akimpita. "Hata husikii sauti yangu vizuri."

Nami nilibaki juu ya meza ya pasi nikingoja dakika yangu ya nane. Nikamwona Meneja amelitazama dramu, akalizunguka, akaangalia mlangoni kama kuna mtu, kisha akafungua tai. Akaikunja, akaitia mfukoni. Akapandisha mikono ya shati. Lazima niseme ukweli, nilimheshimu pale.

Dramu liliposimama, akafungua kioo, nalo likampumulia. Mashuka yakitoka kwenye dramu yamejisokota kama kamba ya kufungia meli. Ukivuta moja yanakuja kumi, na yote mazito. Alivuta. Yakamvuta. Nikashuka mezani.

"Shika hapa, bosi, usishike katikati. Mimi nitakushikia toroli. Sina haraka, unanilipa mpaka robo."

Tukavuta wote. Dakika ya nane ilipofika nikamwambia, "Samahani kidogo," nikaenda kwa Mkwe. Ti! Robo yangu hiyo. Nikarudi kushika toroli. Meneja aliona yote, akaendelea kuvuta. Tulipomaliza, shati lake lilikuwa limemganda, na maji yalikuwa yakitoka kwenye viatu kila akikanyaga.

Akaenda kubonyeza.

"Jaribu tena."

Akajifuta kwenye suruali. Suruali nayo ilikuwa mto.

"Jaribu tena."

"Kwa hili ninalolijua mimi," nikasema, "Mama Mdogo huwa anapuliza."

Akanitazama aone kama namtania. Nilikuwa namtania, lakini ilikuwa kweli. Akaanza kukipuliza kidole, fu, fu, kama mtoto aliyepewa uji wa moto.

"Jaribu tena."

"Huyu mwanamke ana nini?" Meneja akafoka.

"Ni Mkwe, bosi. Usimpandishie sauti."

Akapuliza, akasubiri, akapuliza. Ti! Saa kumi na moja na dakika ishirini na mbili.

"Hongera," nikasema. "Inahesabiwa robo. Hizo saba ni sadaka."

Akakitazama kile kioo kidogo kwa muda mrefu. "Lakini nilikuwa hapa. Nilikuwa nafanya kazi."

"Ndiyo."

"Sasa hizo saba zimekwenda wapi?"

"Kwa jumla?" nikasema. "Hazijapotea, bosi. Amepewa mtu mwingine." Nikaaga, nikatoka na robo yangu.

* * *

Asubuhi iliyofuata niliwahi tena, nikakuta makapu yameshapinduliwa, na watu wa maji wameketi. Meneja alifika kabla ya saa moja, bila tai. Pengine ilikuwa haijakauka.

"Mama," akasema, akisimama mbele ya kapu la Mama Mdogo, "kuanzia leo dakika zitahesabiwa zilivyo. Hatupunguzi, hatuongezi. Na hesabu ya mwezi huu wote nairudia upya."

"Na beji yangu?"

"Nimeshahesabu. Bila kunyoa umekaribia kabisa kiwango. Zilizobaki ni zile za asubuhi, kabla mashine haijakukubali."

"Hizo nazo nilikuwa hapa."

"Najua. Ila nitajuaje ulifika saa ngapi?"

"Muulize mlinzi."

Mlinzi akapaza sauti kutoka getini bila hata kuulizwa. "Huyo? Anafika nikiwa bado napiga miayo! Mimi napiga miayo nusu saa kabla ya kazi, kila siku, niandikeni!"

Watu wakacheka. Meneja naye akacheka, akatikisa kichwa. "Basi, mama. Umevuka kiwango. Unabaki wa kudumu."

Mama Mdogo hakuinuka.

"Yaandike ubaoni, mwanangu. Maneno ni hewa, na humu ndani hewa yote ni mvuke."

Meneja akaliondoa lile tangazo la robo saa, akaligeuza nyuma, akaandika kwa mkono wake palepale akiegemea ukuta: *Kila dakika itahesabiwa ilivyo.* Akatia sahihi. Akalibandika. Mama Mdogo akamwomba Redio asome kwa sauti, jambo ambalo Redio alilifanya mara mbili na kwa maelezo.

Kisha fundi wa boila, ambaye ndiye pia mganga wa kila kitu kilicho na waya, akafungua mgongo wa Mkwe, akawa anajaribu vidole vya Mama Mdogo kimoja kimoja. Vyote vilikataa, isipokuwa kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto. Hicho alikivunja akiwa binti, na tangu hapo hukikunja kila akishika shuka. Maji hayajawahi kukila vizuri. Kina mistari kama shamba lililolimwa jana.

Mama Mdogo akakibonyeza. Ti!

Saa ya ukutani ilikuwa haijagonga hata saa moja. Akarudisha kapu, akarekebisha beji yake ya kijani mpaka ikakaa wima.

"Nimefika," akasema.

Nilikuwa napiga makofi mpaka mwenzangu wa pasi aliponivuta sikio.

"Mdomo, hivi unaelewa umefanya nini? Dakika ilivyo! Na zile zetu za soga je? Na zile sita za asubuhi?"

Nikaacha kupiga makofi.

Kwa hiyo sasa mambo yako hivi. Mama Mdogo ananiita mara moja tu. Ya pili na ya tatu amezifuta, anasema ameacha kunifadhili usingizi. Juzi nilijitahidi, nikakimbia njia nzima, chai imenimwagikia shati, nikabonyeza Mkwe nikihema. Ti! Saa moja na dakika nne. Nikakitazama kile kioo nikingoja kinisamehe. Hakikusamehe. Nne zimebaki nne.

Mama Mdogo alikuwa anapita na toroli, amelowa mpaka viwikoni.

"Umechelewa."

"Mama Mdogo, kwa jumla..."

Akasimamisha toroli. "Kwa jumla nini?"

"Kwa jumla nimekuja."

"Karibu," akasema, akanirushia shuka la kwanza, bado la moto, likanifunika kichwa chote.